Vyumba Ishirini na Viwili

Kila siku baada ya shule, Kidomo alibadilisha sare, akanawa uso, kisha akaenda kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi yake. Jina hilo la Kidomo alipewa nyumbani kwa sababu ya maneno mengi, wala hakulikataa. Zamani kazi yake pale ilikuwa kuokota pini sakafuni. Tangu shangazi aanze kugombea udiwani, alipewa nyingine: kubisha hodi mlango kwa mlango pamoja na wenzake wa kujitolea, fomu mkononi.

"Uliza shida yao kubwa ni nini, halafu andika wanachosema wao," shangazi alimwambia siku ya kwanza. "Si unachodhani wewe. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, shangazi."

Wiki ya kwanza alichapa kazi kwelikweli. Wiki ya pili miguu ikaanza kulalamika. Alhamisi moja alipangiwa jengo la manispaa la ghorofa tatu, lenye vyumba ishirini na viwili, na mwenzake akachukua jengo la jirani. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na kinyozi aliyeamshwa usingizini.

"Kampeni? Mnatukumbuka mkitaka kura tu!" akafoka, akaubamiza mlango.

Kidomo akaketi kwenye ngazi, machozi yakimlengalenga. Mitaa yote aliyopita, watu walikuwa wamelalamikia uhaba wa maji. Hawa nao wangesema nini kingine? Akaijaza fomu palepale: maji, maji, maji, mara ishirini na mbili. Hata dakika kumi hazikuisha, akashika njia ya nyumbani.

Shangazi alipoisoma ile fomu, alipiga makofi. "Jengo zima shida moja! Hili siliachi." Jumatatu alifunga chumba cha ushonaji, akaenda kupanga foleni ofisi ya maji. Jumanne akarudi tena, mpaka akaahidiwa bomba jipya. Ndipo akaitisha mkutano Jumamosi, uani mwa jengo lile.

Kidomo alijiona amenasa. Akisema, shangazi atajua amehangaika bure. Akinyamaza, Jumamosi hiyo inakuja. Kila asubuhi aliapa kwamba leo atasema. Kila jioni shangazi alimsifu mbele ya wateja, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia," naye akainama kuokota pini. Nyumba ilipoa bila maneno yake, mpaka mama yake akamuuliza kama anaumwa.

Jumamosi wapangaji walijaa uani. Kidomo alitafuta pa kujificha, lakini shangazi akamshika mkono, akamsimamisha kando yake.

"Ndugu zangu, mmeniambia shida yenu kubwa ni maji..."

"Nani kakwambia?" akadakia muuguzi mstaafu aliyekaa mbele. Akanyoosha kidole kwenye bomba la uani, lililokuwa likijaza ndoo ya mtu kwa kasi. "Maji tunayo mpaka ya kuchezea, mama."

Watu wakaangua kicheko. "Hata hujachaguliwa, umeshaanza uongo!" kinyozi akapaza sauti. Wengine wakaanza kuinuka waondoke.

Shangazi akaitazama fomu, kisha akamtazama Kidomo. Akaelewa. Akaikunja ile fomu, akawageukia watu, akasema, "Samahanini. Nadhani nimechanganya karatasi. Kosa ni langu."

Hapo Kidomo alikuwa ameokoka. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Lakini alimwona shangazi yake, mwanamke anayefumua nguo nzima kwa pindo moja lililokwenda upande, akichekwa kwa kosa lisilo lake. Aibu ikauzidi woga.

"Si yeye!" akapiga kelele. "Ni mimi. Nilibisha hodi mlango mmoja tu. Nilikaa pale kwenye ngazi, nikaandika nilivyotaka. Shangazi hakujua!" Akalia kwa kwikwi.

Kicheko kikakatika. Muuguzi akamgeukia. "Ulikaa kwenye ngazi zetu, na hukuona kwamba hazina vyuma vya kushikia?"

Kidomo akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu alianguka pale mwezi uliopita, akavunjika mkono. Haya, futa machozi. Leo tupo. Uliza."

Akauliza. Alikwenda mlango kwa mlango, shangazi nyuma yake, mpaka chumba cha mwisho. Hata kinyozi alijibu, tena kwa kirefu. Vyumba kumi na saba vilitaja ngazi. Jumatatu shangazi aliipeleka fomu mpya manispaa, safari hii akiongozana na muuguzi na wapangaji sita waliokataa kuondoka bila jibu. Kabla wiki mbili hazijaisha, mafundi wa kuchomelea walikuwa wakifunga vyuma vipya.

Siku hiyo Kidomo na shangazi walikwenda kuvitazama. Njiani wakirudi, Kidomo akauliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika sana. Unajua kilichoniuma? Si kuchekwa. Niliwaambia watu uongo kwa mdomo wangu mwenyewe, huku nikiuamini. Na kama wangenyamaza, ngazi zile zingemwangusha mtoto mwingine. Ukitumwa kuwasikiliza watu, ukarudi na maneno yako, umewaziba midomo. Na ukikosea, sema siku ileile. Ulisubiri mpaka kosa likawa kubwa kuliko wewe."

"Sitarudia, shangazi."

Wakavuka barabara. Kisha Kidomo akashindwa kujizuia. "Lakini sasa watakupigia kura, eti?"

"Hilo hawajasema," shangazi akajibu. "Kwa hiyo usiandike."