Siku Tisa Ndani ya Magugu

Asubuhi ya siku ya kumi na nane ya safari, Mama Pacha alitoka nje na kikombe chake cha chai, akaitafuta nchi kavu, asiione.

Jana jioni ilikuwepo. Walikuwa wameifunga boti kwa kamba mbili kwenye kisiwa cha matete, kisiwa kabisa chenye vichaka na ndege wake, na mumewe alishuka akarukaruka juu yake kwa mbwembwe kumwonyesha kwamba pako imara. Kumbe ile haikuwa ardhi. Ilikuwa mizizi na magugu yaliyosukana miaka nenda miaka rudi juu ya maji. Upepo ulilimega pande zima, likaondoka zake, nao wamefungwa kwalo, wanakoroma. Magugu mengine yakaja yakajaza nyuma yao. Sasa kila upande ilikuwa kijani, kisha maji, kisha mbingu.

"Baba Pacha, amka. Tumehamishwa."

"Na nani?" mumewe aliuliza kutoka ndani, bado ana usingizi.

"Toka uone mwenyewe."

Mama Pacha alikuwa dereva wa lori, miaka ishirini na sita barabarani. Mumewe alikuwa kinyozi, mwenye saluni ya viti viwili mkabala na stendi, mdomo haufungi kuanzia mteja wa kwanza hadi wa mwisho. Ndoa yao ilikuwa ya kupishana mlangoni: mmoja anarudi, mwingine anatoka. Mama Pacha alipostaafu walinunua boti iliyotumika, wakafunga saluni kwa miezi miwili, wakaamua kuyavuka maziwa matatu makubwa yaliyounganishwa na mito, wawili tu, ili angalau wajuane. Ndivyo walivyowaambia watoto, na watoto walicheka sana.

Walikata kamba. Injini iliwaka, ikakohoa, ikazima: propela ilikuwa imezongwa na mizizi. Baba Pacha alilala kifudifudi nyuma ya boti na kisu mkononi, akaanza kukata. Walikuwa na utaratibu wao tangu siku ya kwanza. Akimaliza anapiga ubavu wa boti mara mbili, na mkewe anawasha.

Gogo lililonasa kwenye magugu liligonga ubavu. Ndu, ndu.

Mama Pacha alikuwa akitazama mbele, akitafuta mwanya wa maji. Akawasha.

Yowe lile sitalieleza. Alizima papo hapo, akakimbia nyuma, akamkuta mumewe amekaa chini, mkono wa kulia ameukumbatia tumboni, damu inachuruzika kwenye mbao. Vidole viwili havikuwepo. Cha tatu kilining'inia kwa ngozi. Na propela nayo ilikuwa imepinda, mhimili wake umekatika, hakuna pa kuanzia.

"Inua mkono juu! Juu ya kichwa!" Alimfunga mkanda wa suruali kwenye kigasha, akakaza mpaka damu ikapungua. Alifunga mara tatu kabla haujashika.

"Nilidhani umepiga," alisema.

"Ajali haina mwenyewe," akajibu Baba Pacha, meno yanagongana. "Nipe maji."

Maji! Maji ndiyo yaliyokuwa mengi kuliko kitu chochote. Hakuna aliyekufa kwa kiu kwenye ziwa la maji baridi. Lakini maji yaliyolala chini ya magugu yalikuwa meusi, yananuka, na kila tone la kuoshea kidonda lilitakiwa kuchemshwa. Mtungi wa gesi uliisha siku ya tatu ya kukwama. Simu hazikuwa na mtandao tangu juzi yake. Walibaki na mchele usiopikika, makopo sita ya maharage, na vidonge vya maumivu visivyozidi kumi.

Siku ya nne mkono ulikuwa umevimba na wekundu ulikuwa umefika kwenye kifundo. Mama Pacha alichukua kalamu, akachora mstari pale wekundu ulipokomea. Kesho yake ulikuwa umeupita kwa upana wa vidole vitatu. Akachora mwingine.

"Unanipima gauni?" Baba Pacha aliuliza.

"Nyamaza, kunywa."

Siku hiyo ya tano meli ya mizigo ilipita. Ilikuwa karibu kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa sitahani. Mama Pacha aliliburuta godoro mpaka ukingoni, akalimwagia petroli yote iliyobaki, akalitia moto na kulisukumia kwenye matete. Moshi mzito ulipanda. Alipunga shuka, akapiga kelele hadi sauti ikakauka.

Meli haikupunguza hata mwendo. Na kwa nini ipunguze? Watu wa kando ya ziwa huchoma matete kila uchao, nani atashangaa moshi unaotoka kwenye matete? Alikumbuka hilo baada ya petroli kuisha. Akakaa chini kando ya majivu, akalia kwa hasira, na mumewe akamwita ndani ili amfariji. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alitamani atukanwe. Miaka ishirini na sita hakuwahi kurudisha lori nyuma bila kuchungulia, na mtu ambaye yeye amemkata vidole alikuwa anambembeleza!

Siku ya sita alijaribu kutembea juu ya magugu akiwa na kamba kiunoni. Hatua kumi zilimbeba, ya kumi na moja ikamzamisha hadi kwapani. Alijivuta kwa ile kamba akarudi, mapaja yamejaa ruba. Siku ya saba Baba Pacha alianza kuongea na wateja ambao hawakuwepo, akiwauliza wanataka apunguze nywele au aondoe zote. Mstari wa kalamu ulikuwa umekaribia kiwiko. Siku ya nane Mama Pacha aliacha kuchora. Alilala kando yake akasikiliza pumzi, akajua kwamba hana tena la kufanya.

Siku ya tisa upepo uligeuka. Hawakufanya lolote wao. Pande zima la magugu lilisukumwa hadi likaziba mdomo wa bomba kubwa la mtambo wa kusukuma maji ya mji, mahali ambapo wafanyakazi huja kila asubuhi na reki ndefu kuondoa uchafu.

"Jamani, humu kuna boti!" mmoja wao alipiga kelele. "Kuna watu!"

Hospitalini walimkata mkono juu kidogo ya kiwiko, na Mama Pacha ndiye aliyetia saini fomu. Siku mbili baadaye homa ilishuka, daktari akaja na faili lake.

"Ajali ilitokeaje?"

"Uzembe wangu," Baba Pacha akawahi kujibu. "Niliingiza mkono injini inazunguka."

"Si kweli," akasema Mama Pacha. "Ni mimi. Niliwasha bila kutazama."

Daktari aliwaangalia wote wawili, akaandika, akaenda kitanda kingine.

Baba Pacha aliutazama mkono uliofungwa bendeji, pale ulipoishia. Uso ukaanza kumharibika.

"Kwa nini hukutazama?" alisema polepole. Kisha kwa sauti iliyowageuza wagonjwa wodi nzima: "Mama Pacha, kwa nini hukutazama? Kugeuza shingo tu! Kazi yangu ni huu mkono, wewe hujui? Kugeuza shingo tu!"

Siku zote tisa Mama Pacha alikuwa ameandaa majibu.

"Sijui," alisema. "Sijui, mume wangu."

Muuguzi alikuja mbio, akamwomba Mama Pacha atoke mgonjwa apumzike. Aliinuka, akachukua mkoba wake. Mkono wa kushoto wa mumewe ukamdaka gauni.

"Unakwenda wapi?" Baba Pacha alikuwa bado analia, bado ana hasira, na hakuachia. "Kaa hapo. Sijamaliza."

Mama Pacha akakaa.