Mtunzi: Mama

Mama alikuwa mshonaji, na kila aliposhona aliimba. Mguu ulikanyaga cherehani, nayo maneno yakafuata mwendo wake. Binti yake, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, aliuimba wimbo mmoja wa mama yake, akaurekodi na kuuweka mtandaoni. Ukapendwa! Hata watu wa nchi za mbali wakausikiliza.

Asubuhi moja binti aliingia dukani mbio, simu mkononi.

"Mama! Wanautaka wimbo wetu kwenye filamu! Filamu ya nje!"

Mama nusura ajidunge sindano. "Acha utani wako."

"Kweli tena! Ila wanasema mtunzi hajulikani. Wasipompata kabla ya Ijumaa, watachukua wimbo mwingine."

"Hajulikani vipi? Si uliniandika?"

"Nilikuandika!"

Jirani yao, mhariri wa sauti redioni, alikuwa amefuata suruali yake. Aliitazama ile simu, akaangua kicheko.

"Hapa umeandika, 'Mtunzi: Mama.'"

"Sasa mjomba, nimtaje mama yangu kwa jina, kama mwenzangu?"

"Adabu unayo, tena ya kumwaga. Lakini akina mama wako wangapi duniani?"

Mama alicheka, kisha akaingiwa na hofu. "Ndiyo basi, wimbo umepotea?"

"Haujapotea, dada. Wimbo ukipigwa nje, chama cha hakimiliki cha huko hukusanya malipo. Huyatuma kwa chama cha hapa kwetu, nacho humpa mtunzi. Ila lazima ujiandikishe, kwa jina la kwenye kitambulisho. Usipojulikana, haki yako inakwama njiani."

"Na mimi niliyeimba?" binti akauliza.

"Mwimbaji ana haki yake pia. Kubalianeni mgawo wenu, muuandike."

"Wakitaka kuununua kabisa?" Mama akauliza.

"Usiuze! Wape ruhusa ya kuutumia kwenye filamu hiyo tu. Wimbo ubaki wako."

Mama aliliacha gauni la mteja likiwa na mkono mmoja. Wakafunga duka, wakaenda ofisi ya chama.

"Mtunzi ni nani?" ofisa aliuliza.

Binti alimtazama mama yake kama anayeomba radhi.

"Sema tu, mwanangu."

Binti akalitamka jina kamili la mama yake, kwa mara ya kwanza maishani. Ofisa akaliandika. Siku hiyohiyo binti akalirekebisha mtandaoni, na jirani akawasaidia kuwajibu watu wa filamu. Alhamisi jibu likaja: wimbo umeingia! Mama alipiga vigelegele mpaka mtaa wa pili wakasikia.

Tangu hapo, wimbo ukipigwa ng'ambo, haki yao inawafikia.

Filamu ilipotoka, majirani walijazana sebuleni. Walingoja kwa hamu majina ya mwishoni. Yakaanza kupanda.

"Lile pale!" binti alipiga kelele.

Mama akasimama, akalisoma mwenyewe kwa sauti, herufi zote. Sebule nzima ikalipuka kwa makofi.

"Kumbe ndilo jina lako!" alisema mteja wa gauni la mkono mmoja.

"Ndilo," Mama akajibu. "Na wimbo ni wangu."