Uso Uliobaki na Macho

Jumatatu ile asubuhi Nélida Chapoñán, mwanaakiolojia, aliketi ukingoni mwa shimo akichora uso wa mtungi waliouchimbua. Baba yake, Mzee Asunción, nyapara wa wachimbaji, alikuwa akimtania kutoka chini.

"Mchore taratibu, Dokta. Huyo bwana ni mzuri kuliko mimi."

"Nani asiyekuwa mzuri kuliko wewe, baba?"

Wachimbaji wakaangua kicheko. Mzee alikuwa na kovu la sepetu lililomkata paji zima la uso, na mwenyewe alilionea fahari.

Mtungi ule ulimsumbua Nélida. Katika matabaka ya chini ya kilima kile cha matofali ya udongo, watu wa kale walifinyanga mitungi yenye nyuso za watu. Katika matabaka ya juu hapakuwa na uso hata mmoja, ni mitungi myeusi mitupu. Katikati palijaa vigae, na kila uso ulikuwa umepondwa macho. Wasomi hawakosi la kusema: mara mafuriko, mara wageni, mara dini mpya. Nélida naye aliandika hivyohivyo. Lakini huu mmoja ulikuwa na macho yake.

Saa sita mchana Asunción aliubeba kuupeleka stoo. Akateleza, akaanguka nao shimoni. Mtungi haukupata hata ufa. Yeye hakuvunjika popote, ila hakusema tena. Siku tatu alilala macho wazi, hali, hanywi.

Daktari wa zahanati hakuona ugonjwa. Shangazi Felícita, dada wa mzee, alimvuta Nélida pembeni.

"Kivuli chake, yaani roho yake, kimebaki kule shimoni," alinong'ona. "Chukua kofia yake ukamwite. Jina lote, mara tatu. Usimwite baba, mwanangu. Kule chini kina baba ni wengi."

Nélida alikwenda. Akawakuta wenzake wa chuo kikuu wakipima shimo, akaona haya. Tena tangu azaliwe hakuwahi kumtaja mzazi wake kwa jina. Aibu imewaponza wengi. Alipunga kofia juu ya shimo, akasema harakaharaka, "Baba, twende nyumbani."

Kofia ikawa nzito.

Nyumbani alimkuta mzee mezani, anakula samaki kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu."

Sauti ilikuwa yake. Shangazi alikuwa analia kwa furaha. Ghafla akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa akilitazama paji la uso wa kaka yake.

Lilikuwa laini.

Nélida alikimbia hadi stoo. Akafungua daftari la michoro. Uso aliouchora Jumatatu haukuwa na kovu.

Uso wa mtungi ulikuwa nalo.

Akashika nyundo. Sasa alijua kwa nini watu wa kale waliyaponda macho: nyuso zile zilibadilishana nafasi na walio hai. Akaiinua. Angemuua nani, yule aliye mezani au huyu?

Akaiweka nyundo chini.

"Asunción Chapoñán Santamaría," aliita. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Kovu halikuondoka. Ila chini ya macho yale ya udongo, yaliyokaa makavu miaka elfu na zaidi, palikuwa pameloa.