Narudi Kukuchukua

Mambo haya yalimkuta shangazi yangu, fundi wa pikipiki, mwanamke asiye na muda wa porojo. Ukimletea habari za mizimu anakuuliza kama umeshawabadilishia plagi. Ndiyo maana namwamini.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Alimnywesha Bibi uji, akamgeuza upande wa dirishani, kisha akavuka ua hadi kwenye gereji yake. Bibi, yaani mama yake, alikuwa kitandani mwezi wa saba, miguu haina nguvu hata ya kusukuma shuka. Ombi lake lilikuwa moja: aisikie pikipiki ya Babu ikinguruma kabla hajafumba macho.

Pikipiki hiyo ilikuwa imekaa chini ya turubai miaka kumi na tisa. Ni zile za zamani ambazo oili huchanganywa na petroli humo humo tangini, zikipita mtaa mzima unakohoa. Asubuhi ya mwisho ya Babu, Bibi alikuwa ameshavaa viatu vya kutokea, amekaa barazani anamsubiri. Babu akamwambia, "Nafika dukani mara moja, narudi kukuchukua." Hakufika dukani. Injini ilikwama ghafla, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, akarushwa barabarani.

Watu walisema ni uchakavu wa chombo. Shangazi peke yake ndiye aliyejua. Tangi alilijaza yeye asubuhi ile, msichana wa miaka ishirini anayejifunza ufundi, na alitia petroli tupu. Oili, inayolainisha injini isikwame, aliisahau. Hakuwahi kumwambia mtu, na kila alipomnawisha Bibi miguu alishindwa kumtazama usoni.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, alipoifungua silinda, alikuta kosa lake likimngoja humo ndani. Pistoni ilikuwa imechubuka kila upande, imeng'ang'ania. Alilia. Kisha akajifuta machozi, akaanza kazi. Aliweka pistoni mpya na ringi zake, akazibua kabureta kwa sindano, akabadilisha nyaya. Sasa, mchana wa siku yenyewe, akapima oili kwa kifuniko, akapima tena, akatikisa galoni mpaka bega likamuuma, ndipo akajaza tangi.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikapiga chafya. Ya nne ikawaka.

Moshi wa buluu ukajaa gereji. Shangazi akacheka peke yake kama mwehu. "Mama! Unaisikia?" Akaiacha ingurume kidogo, akaizima, akachomoa plagi ili aitazame rangi, ajue kama mafuta yanaungua vizuri.

Mlio haukukoma.

Akaitazama injini. Imetulia. Plagi i mkononi mwake, bado inaunguza. Mlio ulikuwa unatoka mbali, upande wa barabarani, na ulikuwa unakuja. Akajiambia ni pikipiki ya mtu mwingine. Lakini aliijua. Aliujua hata ule mkwaruzo mdogo uliosikika Babu alipokuwa akipunguza gia. Ukafika getini. Geti lilikuwa na kufuli. Ukapita. Ukakatiza ua mbele ya macho yake, mchana kweupe, na hapakuwa na kitu. Vumbi halikutimka. Ukasimama chini ya dirisha la Bibi, ukabaki pale ukinguruma polepole.

Shangazi akakimbilia ndani.

Bibi alikuwa macho, anatabasamu kuelekea dirishani. Chumba kizima kilinuka moshi.

"Baba yako huyo," akanong'ona. "Anasema leo umekumbuka oili."

Shangazi akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, Mama. Nilisahau tu. Nisamehe."

"Nimejua siku nyingi, mwanangu. Hebu nivalishe viatu."

"Huendi popote!"

Akainuka. Akafunga dirisha, akasukuma komeo, akavuta pazia. Hakuwa tayari kumpoteza na huyu, si leo, si kwa pikipiki ile ile. Nje mlio ukapanda ghafla, kama mtu anayepiga resi kumharakisha mwenzake. Kisha ukaondoka. Ukavuka ua. Ukapita geti. Ukafifia barabarani.

Shangazi akashusha pumzi, akageuka amwambie mama yake kwamba yamekwisha.

Bibi alikuwa ameshakata roho.

Alikaa naye muda mrefu, amemshika mkono, bila kuita mtu. Halafu akafunua shuka ili amnyooshe miguu, ile miguu ambayo haikugusa sakafu miezi saba. Kwenye shavu la mguu wa kulia, upande wa ndani, palikuwa na jeraha la kuungua, jekundu, refu kama kidole. Kila aliyewahi kupakiwa nyuma ya pikipiki analijua. Ni alama ya ekzosi, lile bomba la moshi.

Shangazi aliligusa. Lilikuwa bado la moto.