Alinipeleka Ufaransa ya Bandia

"Heee! Annecy!" mume wangu akapayuka, kidole kikielekea kifuani mwa binti wa watu. "Unatoka Annecy wewe?"

Nikampiga teke chini ya meza. Royce na adabu ya kidole hawajawahi kukutana. Lakini yule mhudumu hakuudhika, alitabasamu. Pale kwenye bustani ya michezo, yenye sehemu zilizojengwa kuiga nchi mbalimbali, kila mfanyakazi anavaa beji yenye jina lake na mji wake, na upande wa Ufaransa wahudumu ni Wafaransa kweli, vijana wanaoletwa Florida kwa mkataba. Beji yake ilisema Capucine, Annecy. Na sisi Wamarekani tunajulikana. Tukiona jina la mji kwenye beji, hata kama tuliupita tumelala ndani ya basi, lazima tuseme.

"Ndiyo, baba. Unapajua kwetu?"

"Nisipajue! Ile mifereji, yale maua madirishani! Halafu kuna kile kiduka cha aiskrimu karibu na kanisa, yule mzee wa masharubu. Ukichelewa kuchagua anakufokea!"

Capucine akapiga makofi kwa furaha. "Mzee Firmin! Alinifokea nikiwa na miaka minne!"

"Mimi alinifokea mbele ya watu wote. Nikachukua ya asali kwa woga tu."

Wakacheka wawili hao kama ndugu waliopoteana. Mimi nikabaki nimeshika uma. Royce Pruitt, muuza viyoyozi wa Valdosta, Georgia, hajawahi kutoka nje ya Marekani. Pasipoti tuliomba pamoja mwaka juzi, na yangu iko kwenye droo haijaguswa hata na muhuri mmoja. Sasa huyo aliyefokewa na mzee wa aiskrimu ni Royce yupi?

Capucine akanigeukia kwa upole. "Na wewe mama, ulipapenda? Mlipita kwenye Daraja la Wapendanao? Kwetu wanasema mkibusiana pale, hamuachani mpaka kufa."

Royce shingo ikamwiva nyekundu.

"Mimi sijafika, mwanangu," nikasema. "Muulize yeye."

"Aah, mimi... niliona kwenye televisheni," Royce akasema. "Kipindi cha safari."

"Mzee Firmin yuko kwenye televisheni?" Capucine akashangaa.

"Alikuwepo. Yeye na masharubu yake."

Binti akamtazama Royce, akanitazama mimi. Tabasamu likamwisha. "Nawaletea supu ya vitunguu," akasema, akaondoka mbio.

"Kipindi gani hicho?" nikauliza.

"Cha usiku, Lori. Ulikuwa umelala."

"Na kwenye hicho kipindi ukala aiskrimu ya asali."

"Ni maneno tu! Usianze bwana. Leo siku yetu."

Mwanamke akiwa kwenye ndoa robo karne anajua lini apige kelele na lini ajifanye mjinga. Nikaangua kicheko cha uongo.

"Wewe Royce! Bado unatafuta sifa kwa wasichana na hiyo mvi?"

Akashusha pumzi ndefu. "Haa! Umenikamata, mke wangu."

"Nakujua."

"Unanijua kuliko mama yangu." Akanibusu mkono, akaanza kupaka siagi kwenye mkate kwa raha zake.

Simu yangu ikalia. Ujumbe wa binti yetu, Shelby:

*Mama tumeshaingia getini na Trent. Saa kumi KAMILI pale kwenye chemchemi chini ya mnara. Mchungaji yupo. Na msithubutu kuvua fulana!!!*

Fulana zenyewe zilikuwa za waridi, zimeandikwa kifuani: ROYCE NA LORETTA, MIAKA 25, BADO TUNAPENDANA. Shelby na mumewe Trent ndio waliopanga kila kitu, turudie viapo vya ndoa katika sehemu ya Ufaransa. Hawakuchagua hivihivi. Royce aliniahidi Ufaransa usiku ule alioniposa, kwenye baraza ya nyumba ya baba yangu. "Utaiona kwa macho yako, Lori." Mwaka wa kwanza tukapata Shelby. Baadaye paa likavuja. Kisha ada ya chuo. Mimi napika kwenye jiko la shule ya msingi, sikuwahi kumsumbua. Nilisema siku yetu itafika. Shelby alikua akiisikia hadithi hiyo, ndiyo maana wakaniletea Ufaransa ya mbao na rangi, mwendo wa asubuhi moja kwa gari kutoka nyumbani. Niliwashukuru nikalia.

"Naenda chooni," Royce akasema. Simu yake akaiacha kando ya sahani, imelala kifudifudi.

Hajapotea hata machoni, ikaanza kutetemeka. Nikaigeuza. *Ghala la Tifton.* Jumapili, ghala la kazini kwake linampigia mtu aliye likizo? Nikapokea, sikusema kitu.

"Royce, mpenzi, umeshamwambia?"

Sauti laini, ya kudeka.

"Kuniambia nini?" nikauliza.

"Samahani, nimekosea namba."

"Hujakosea, dada. Mimi ni Loretta, mkewe. Usikate. Sikutukani, niko kwenye mkahawa wa watu. Wewe nani?"

"Janelle," akasema polepole. "Wa ofisini."

"Uliyeenda naye Annecy."

"Amekwambia?"

"Ameniambia mzee wa aiskrimu."

Hakuelewa, na sikumfafanulia.

"Ilikuwa zawadi ya kampuni," akaanza kujieleza haraka haraka. "Muuzaji bora wa mwaka anapewa safari ya watu wawili. Royce alisema wewe ulikataa kwenda. Alisema mlishaachana zamani, mnalala vyumba tofauti, mnangoja karatasi tu."

Watu wawili. Machi aliniaga kuwa anaenda kwenye mkutano Dallas, nikampigia pasi mashati, nikamkunjia na soksi. Aliporudi akaniletea kikombe kilichoandikwa Dallas. Hadi leo sijui alikinunua wapi.

"Chumba chetu ni kimoja, Janelle," nikasema. "Na anakoroma. Hilo nadhani unalijua."

Akaanza kulia. Jamani! Aliyeibiwa mume ni mimi, anayelia ni yeye!

"Alisema safari hii ni ya kuwafurahisha watoto tu, basi. Kesho anahamia kwangu. Aliniapia kwamba atakwambia njiani, kwenye gari."

"Njiani tumeimba nyimbo za kanisani."

"Mungu wangu. Sasa nifanyeje, dada?"

"Usimpigie leo. Usimwandikie. Mwache aniambie kwa mdomo wake. Nakuomba hilo tu."

"Sipigi. Naapa."

Nikaifuta ile simu kwenye orodha, nikairudisha kifudifudi kama alivyoiacha. Kiwiko changu kikagonga glasi, maji yakamwagika mezani. Capucine akaja na kitambaa, akafuta bila kuniangalia.

"Mama, nisamehe," akanong'ona. "Mimi na mdomo wangu."

"Huna kosa, mwanangu. Wewe umetaja kwenu tu."

Royce akarudi anapiga mluzi. Akainywa supu yote, akasifu jibini. Nikamtazama anavyotafuna. Huyu ndiye aliyenishika mkono nikijifungua Shelby. Huyu ndiye aliyekesha na mimi mama alipofariki. Nilitaka kumpiga na bakuli, na nilitaka pia aseme kwamba Janelle amechanganyikiwa, kwamba hakuna anayehama. Aibu iliyoje, lakini ndivyo moyo wangu ulivyokuwa.

Nikajiwekea neno moja moyoni. Kiapo ni kiapo. Mtu anaweza kudanganya kwenye supu, kwenye simu, hata kitandani. Lakini pale mbele ya mchungaji, mbele ya mtoto wake wa kumzaa, akiulizwa kama ananitaka, atasema ukweli. Akisema hapana, nitaumia, tutaachana kama watu wenye heshima. Akisema nakubali, basi amebadili mawazo, amenichagua mimi. Nilimpa nafasi hiyo, na hakujua kama amepewa.

Tulipoinuka nikampa nafasi nyingine.

"Royce, una neno lolote la kuniambia kabla hatujaenda pale?"

"Neno gani?"

"Lolote. Hata likiwa baya. Nitasikiliza."

Akanishika mashavu. "Nina moja. Umependeza, mke wangu."

Saa kumi tukawa chini ya mnara. Mnara wenyewe, mfano wa ule maarufu wa Ufaransa, hauzidi jengo la ghorofa chache, ila ukisimama karibu na kuinua kichwa unadanganyika. Kijana mmoja alikuwa akipiga kinanda cha mkono. Wageni wenye aiskrimu wakasimama kutazama, si unajua watu na harusi. Shelby alinikimbilia machozi yakimtoka tayari.

"Mama! Uko sawa? Mbona mikono ya baridi?"

"Furaha, mwanangu."

"Baba, simama hapa. Trent, rekodi! Umeshabonyeza?"

"Nimebonyeza, mke wangu, tulia," Trent akasema, simu juu.

Mchungaji akakohoa, akatabasamu. "Royce. Mbele ya Mungu na familia yako, unamkubali tena Loretta awe mkeo, kumpenda na kuwa mwaminifu kwake, siku zote za maisha yako?"

Nikamkazia macho. Kimoyomoyo nikamwambia, sema ukweli, baba Shelby. Mara moja tu.

Midomo ikamtetemeka. Macho yakajaa machozi. Akanibana mikono yote miwili.

"Nakubali," akasema. "Nakubali kwa moyo wangu wote. Wewe ndiye wangu, Lori, hakuna mwingine."

Watu wakasema aaah. Shelby akalia kwa sauti. Na mimi, mwenzenu, nikayeyuka. Nikasema kumbe! Kumbe amerudi! Janelle atajiju, tutayamaliza nyumbani, nitapiga kelele wiki nzima kisha nitamsamehe. Mdomo ukafunguka kabla hata mchungaji hajaniuliza.

Hapo hapo simu yake ikatetemeka mfukoni.

Royce hakushtuka wala hakuangalia chini. Mkono mmoja ukaniachia, ukateremka mfukoni, kidole kikabonyeza, simu ikanyamaza, mkono ukarudi kwenye wangu. Macho yake hayakubanduka machoni mwangu, na chozi lilikuwa bado linateremka shavuni. Ulikuwa mkono uliozoea kazi hiyo. Umeizima mara ngapi mezani kwangu, kanisani, kitandani, mimi nikitazamwa kwa macho hayo hayo ya mapenzi? Sijui nani alipiga. Janelle aliapa hatapiga, na huenda alikuwa mtu wa bima tu. Kwangu haikuwa na maana tena.

"Loretta," mchungaji akasema, "na wewe unamkubali tena Royce awe mumeo?"

"Hapana."

Kinanda kikakoma. Royce akacheka kidogo. "Anatania. Lori ana utani huyu."

"Sitanii. Kesho anahamia kwa Janelle wa ofisini. Machi walikuwa wote Ufaransa, ya kweli, kwa tiketi ya watu wawili, mimi nikijua yuko Dallas. Nimeongea naye kwa simu yako, Royce, wakati uko chooni."

Uso wake ukapauka.

"Baba?" Shelby akasema. "Baba, ni uongo, si ndiyo?"

"Shelby, hapa si mahali pa..."

"Jibu tu! Ni uongo?"

Akaangalia viatu. Hilo ndilo likawa jibu lake. Trent akateremsha simu polepole. Wale wenye aiskrimu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

"Lori, unanidhalilisha mbele za watu," Royce akaninong'oneza ameuma meno. "Nilikuwa nakwambia leo usiku. Nilitaka uifurahie siku yako kwanza."

"Umeniapia, Royce. Mbele ya mwanao. Hata sauti haikukwama."

"Ungetaka nifanye nini? Watoto wamegharamia!"

Nikavaa mkoba begani. Shelby akanishika kiuno, tukaondoka, Trent nyuma yetu. Royce alituita mara mbili, kisha akaacha.

Kwenye gari la Trent tulikaa nyuma, mimi na binti yangu. Tulivuka mpaka wa Georgia.

"Mama," Shelby akaanza, "ulijua tangu lini?"

"Tangu chakula cha mchana."

"Ukala? Ukatembea naye hadi pale? Ukamwachia aape mbele yetu sote?"

"Ndiyo."

"Kwa nini sasa? Ulitaka kumwaibisha?"

"Nilitaka anichague."

Akanitazama, midomo ikimtetemeka kama ya baba yake.

"Na aliposema nakubali, Shelby, niliamini. Yule dada alishanieleza kila kitu kwa mdomo wake, na bado niliamini. Simu isingelia, sasa hivi ningekuwa nimekaa kwenye gari lake, tunaimba."

Shelby alinivuta, akanilaza begani kwake, na hapo ndipo nilipolia.