Beji ya Bega la Kushoto

Mimi hayakunipata haya. Yalimpata rafiki yangu, mtambuzi wa beji kuukuu za jeshi, mbishi kama nini.

Mchana mmoja mjane alimletea beji ya bega ya shaba, uzi wa sare bado umenasa kwenye pini zake mbili.

"Niambie tu ni ya mwaka gani, mwanangu. Ila usiisugue."

"Sawa, mama."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alitaka kusoma muhuri wa kiwanda uliofunikwa na kutu, basi akaingia stoo yake isiyo na dirisha, akawasha taa, akasugua.

Taa ikazimika. Gizani akasikia buti, kisha mtu akipigwa kwa kitako cha bunduki, pigo juu ya pigo, mifupa ikialika kama kuni kavu. Akaacha kusugua, kukawa kimya. Akasugua tena, si nimekwambia mbishi? Kipigo kikarudi, sasa kando ya sikio lake, na sauti ikiomba, "Basi, kaka, basi!" Halafu kitu kikamchoma na kumnyofoa begani, upande wa kushoto.

Taa iliporudi, shati lilikuwa linachuruzika damu. Mkewe akaja mbio, akamvua haraka amfunge kidonda.

"Kidonda kiko wapi? Hapa pana kovu tu. Mbona miaka yote hii sijaliona?"

Rafiki yangu akasimama mbele ya kioo na rula yake ya kazini. Matundu mawili, umbali uleule wa zile pini. Akalikagua kovu kama anavyokagua beji yoyote, akalikadiria umri.

Halikupungua miaka mia.