Vipindi Alivyopewa Ndaki

Siku ya soko stendi ya Bariadi ilifurika watu. Mihayo, mhadhiri wa kilimo katika tawi la chuo kikuu pale mjini, alikuwa akipakia kiroba cha mkaa kwenye bodaboda kilipopasuka na kummwagikia dada mmoja mwenye gauni jeupe.

"Mwangaluka," Mihayo alitoa salamu ya Kisukuma badala ya kuomba radhi.

"Mwangaluka nini, na gauni langu umeligeuza jiko?"

"Samahani, dada. Huu ni mkaa wa mabua ya pamba. Haukukatiwa mti hata mmoja."

"Kwa hiyo na doa lake halina madhara?"

Wakacheka. Dada huyo alikuwa Maximiliana, afisa utumishi mpya wa chuo kilekile. Kabla msimu wa pamba haujaisha walikuwa wakiitana mpenzi, na kila jioni simu ililia.

"Umekula, baba?"

"Wapi! Vipindi vinanimaliza, Maxi. Mtambo wangu wa mkaa wa mabua unajaa vumbi."

"Vumilia, mpenzi wangu." Kisha akaaga.

Jumatatu moja ratiba mpya ikabandikwa. Vipindi vyake vya Jumatano hadi Ijumaa vyote alikuwa amepewa rafiki yake Ndaki. Pale chuoni, mtu akinyang'anywa vipindi, kinachofuata ni uhamisho, na mapendekezo ya namna hiyo yalitoka mezani kwa afisa utumishi. Mihayo aliumia. Kuhamishwa angevumilia, lakini si kwa mkono wa mwanamke aliyempenda kiasi kile. Maxi alipopiga, aliiacha simu iite mpaka ikachoka.

Jioni Maxi akamfuata kwenye banda la mtambo wake, nyuma ya karakana ya chuo, viatu vya ofisini vikizama kwenye majivu.

"Hupokei simu zangu?"

"Nafunga mizigo. Si umeamua niondoke?"

"Nani aondoke? Ratiba imebandikwa kabla ya tangazo. Mkuu wa tawi anatangaza kesho. Kila mtumishi mwenye ubunifu wa kutunza mazingira atapewa siku tatu kwa wiki za kuufanyia kazi, na kazi hiyo itahesabiwa kwenye kupanda cheo. Mtambo wako ni ubunifu, au nimekosea?"

Mihayo akabaki na bua mkononi. "Nani kaleta wazo hilo?"

"Mimi."

"Na ukaninyamazia?"

"Lilikuwa halijapitishwa. Ningekuambia wewe kwanza, wangesema nimelipika kwa ajili ya bwana wangu." Akainamisha macho. "Na faili lako silishiki tena. Nimemwomba Mkuu ampe afisa mwingine."

"Kwa nini?"

"Naye aliuliza hivyohivyo. Nikamwambia wewe ni mchumba wangu."

Bua likaanguka. "Mchumba? Tangu lini?"

"Tangu juzi, ofisini kwa Mkuu."

"Hilo nalo mimi ndiye wa mwisho kujua?"

"Hapana. Baba yangu kule Nyalikungu bado hajui."

Mihayo akajawa na furaha. Akataka kumkumbatia, akakumbuka mikono yake ina masizi, akaificha nyuma.

"Jumamosi twende," alisema.

"Twende na nani? Mimi nitakuwa nyumbani nasubiri wageni. Wewe tafuta mshenga."

Mihayo akafuta vidole kwenye suruali na kupiga simu.

"Ndaki? Vipindi vyangu umeshachukua. Sasa tafuta suti, ndugu yangu, kuna kazi nyingine."